Wimbo Ulioachwa Wazi

Asubuhi ile nilikuwa napepeta mtama huku nikigombana na jogoo. Jogoo huyo alikuwa wa mama mkwe wangu, kwa hiyo hakufukuzika. Mume wangu, Masero, alikaa kizingitini akifunga kamba za viatu vyake vya jeshi. Alirudi navyo kutoka vita ya Uganda, na hakuwa na viatu vingine. Alikuwa anakwenda Butiama kutafuta sabuni. Miaka ile sabuni ilitafutwa kama ng'ombe aliyepotea: unaulizia njiani, unaambiwa jana ilionekana mahali fulani, ukifika huikuti.

"Ukikosa sabuni lete hata kibiriti," nilimwambia.

"Na nikikosa kibiriti?"

"Basi leo utalala na huyu jogoo."

Alicheka. Alichukua pembe yake ukutani, akaivaa begani kwa mkanda wake, akaondoka. Sikumsindikiza hata kwa macho, kwa sababu mtama ulikuwa na mawe mengi.

Inabidi nieleze habari ya pembe, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Mimi ni Mjita, nimezaliwa ziwani, katika rasi ambayo watoto hujua majina ya samaki kabla ya majina ya shangazi zao. Niliolewa bara, kwa Waserenda, kabila dogo lililokaa kwenye vilima kati ya Butiama na Mugeta. Ni dogo kiasi kwamba watu wa ofisini walikuwa wanatuandika tu chini ya majirani. Waserenda hawakuwa na ngoma kubwa wala zeze. Walikuwa na pembe.

Mwanamume akioa, baba yake huchinja dume, na zile pembe mbili huwa za maharusi. Pembe moja huitwa irubo, zikiwa mbili ni marubo. Irubo la kulia ni la mume na jina lake mwango. La kushoto ni la mke na jina lake ngaro. Mwango hufungua wimbo lakini haumalizi. Huukata katikati, ukabaki unaning'inia, kisha kunakuwa kimya. Kile kimya kina jina lake, rireka, na kwa Waserenda ni sehemu ya wimbo sawa na sauti yenyewe. Ndani ya rireka ndipo ngaro inapojibu, na wimbo unafungwa. Kila nyumba ina wimbo wake. Wa kwetu alitupa mama mkwe siku ya harusi. Aliuimba kwa mdomo mara moja tu, akaniambia atakayeusahau ni mimi.

Sikuusahau, ila kuupuliza kulinitoa jasho. Sauti mbaya ya pembe Waserenda huiita mbuzi. Mvua zote za kwanza za ndoa yangu nilitoa mbuzi tu. Mama mkwe, jina lake Nyasenda, alikuwa akinisikia akiwa jikoni na kusema kwa sauti ili majirani wasikie: "Huyo wa ziwani amefungulia mbuzi tena." Nilimchukia kwa siku kadhaa. Baadaye nilimpenda, kwa sababu siku nilipoipata sauti sawasawa alitoka jikoni na mikono yenye unga akanishika mashavu yote mawili.

Masero alipokuwa anarudi safari, alisimama juu ya kilima na kupiga mwango. Mimi nilijibu kwa ngaro na kubandika sufuria ya ugali. Kwa namna hiyo kijiji kizima kilijua nani kafika. Walijua pia nani kagombana na nani, maana mke mwenye hasira alikuwa hajibu. Alikaa kimya, akaivuta ile rireka makusudi. Na mila inasema mpigaji asiyejibiwa harudii akiwa palepale. Ni lazima asogee mahali pa karibu zaidi, ndipo apige tena. Kusogea huko kunaitwa hikira. Wimbo ukishafunguliwa mtu haruhusiwi kuukimbia, ni aibu kubwa. Basi mwanamume wa watu husogea, hupiga, husogea, hupiga, mpaka anafika mlangoni na majirani wanakufa kwa kicheko. Mimi mwenyewe nilishamfanyia Masero hivyo si mara moja. Alikuwa anaijibu hasira yangu kwa kuongeza madoido kwenye mwango, anauchezesha kama mtu anayetekenya mtoto.

Habari za wezi wa ng'ombe tulikuwa tunazisikia. Baada ya vita bunduki zilizagaa, na wizi uliokuwa wa mishale na fimbo ukawa wa risasi. Kulikuwa na vijiji upande wa kaskazini vilivyochomwa. Masero alilichukulia jambo hilo kwa mzaha. "Kwetu watakuja kuiba nini?" alikuwa akisema. "Huyo jogoo wa mama?" Tulikuwa na ng'ombe wachache, na watu wenye ng'ombe wachache hujiona hawaonekani.

Jua lilikuwa limepanda sana Sabina alipokuja akikimbia. Sabina alikuwa mke wa shemeji yangu. Mume wake alikuwa Musoma akifanya vibarua vya bandarini, na yeye alikuwa ametoka kujifungua, kichanga chake kiko mgongoni. Alikuwa amekwenda kisimani na alirudi bila ndoo.

"Wanakuja," alisema. "Wako na bunduki."

Hakupiga yowe. Nadhani pumzi haikutosha.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na majabali, na kati ya majabali mawili kulikuwa na ufa ambao watoto walikuwa wakijificha wakicheza. Tuliingia humo. Mimi nilimbeba Yohana, aliyekuwa bado ananyonya, na kumvuta Rebeka, dada yake, kwa mkono. Mama mkwe aliwasukuma mbele yake watoto wa majirani waliokuwa wanacheza uani kwetu. Sabina alikuwa wa mwisho. Ngaro ilikuwa begani mwangu. Mke haiachi ndani mume akiwa safarini. Niliivaa tangu asubuhi, na wala sikukumbuka kwamba ninayo.

Walifika.

Tuliwasikia kuliko tulivyowaona. Ufa ule ulikuwa karibu na ua kiasi kwamba nilisikia kata ikigonga mtungi wetu walipokuwa wanakunywa maji. Walizungumza Kiswahili kama chetu. Nilikuwa nimejiandaa kusikia sauti za mashetani, nikasikia mtu anakohoa kikohozi cha kifua na mwenzake anamwambia apunguze sigara. Walifungua zizi. Ng'ombe walitoka bila ubishi.

Nikajua wataondoka. Nilihesabu moyoni kwamba wanachukua ng'ombe, wanaondoka, tunatoka, tunalia ng'ombe, basi. Ng'ombe hurudi kwa njia nyingine.

Ndipo nikasikia mwango.

Ulikuwa unatoka juu ya kilima, mbali, upande wa njia ya Butiama. Ulikuwa wimbo wetu. Ulifunguka, ukapanda, ukakatika pale unapokatika siku zote.

Rireka.

Pale uani kukawa kimya. Hata yule wa kikohozi alijizuia.

"Ni nini hicho?" mmoja aliuliza.

"Pembe. Watu wa huku wanapigaga pembe wakirudi nyumbani."

"Kwa hiyo kuna mtu anakuja."

"Anakuja. Kaeni hapo nyuma ya ghala. Anaweza kuwa na bunduki ya mgambo."

Yote hayo niliyasikia. Walisema kwa utulivu wa watu wanaopanga kuhamisha kabati.

Niliishika ngaro. Nitasema nilivyofikiri, kwa sababu watu wamewahi kuniuliza kama nilikuwa nafikiri chochote. Nilifikiri hivi: nikijibu, Masero atajua nipo, atashuka akiwa anatabasamu, na hawa watajua tulipo. Nikikaa kimya, atafanya hikira, atashuka vilevile. Katika nyimbo zote za Waserenda hapakuwa na wimbo wa kumwambia mtu arudi alikotoka. Walikuwa na wimbo wa mvua, wa tohara, wa kumtoa mtoto nje, wa kumcheka mvivu. Waliokaa vilimani miaka yote hiyo hawakuwahi kumtungia mke wimbo wa kumfukuza mumewe kwa ajili ya kumwokoa. Nilitafuta kichwani mwangu mote.

Yohana alikuwa kwenye titi langu. Hakulia.

Mwango ukasikika tena, karibu zaidi. Alikuwa amefika kwenye mkwaju, pale njia inapogawanyika. Na safari hii nilisikia kitu kingine.

Aliongeza madoido.

Aliuchezesha. Alifikiri nimemnunia kwa sababu ya sabuni. Alifikiri nipo jikoni nimekaza uso, nawatia majirani kicheko. Alikuwa ananibembeleza.

Niliinua ngaro mpaka mdomoni. Sijui nilitaka kufanya nini. Mpaka leo sijui. Midomo yangu ilikuwa imeshakaa mahali pake.

Mama mkwe alikuwa ananitazama. Alikuwa amemfunika Rebeka kwa mwili wake, na kichanga cha Sabina kilikuwa kati ya mapaja yake. Alikuwa amevaa khanga mpya, ile aliyoipata baada ya kulala nje ya duka la ushirika, khanga ambayo hata kuiketia alikuwa anaona uchungu. Aliing'ata pindo, akaichana. Ilitoa sauti ndogo. Akanyoosha mkono, akasokomeza kile kitambaa ndani ya pembe yangu, akakishindilia kwa kidole gumba mpaka kikafika mwisho.

Kisha akasogeza mdomo sikioni mwangu.

"Watoto wako hapa," alisema.

Masero alikuwa mtoto wake wa kwanza.

Mwango ulilia mara ya tatu, nje ya ua, kwenye michongoma. Ulikuwa karibu sana hata nikasikia pumzi yake akiivuta kabla ya kupuliza. Aliukata wimbo mahali pake. Akasubiri. Alisubiri kwa adabu, urefu wote wa rireka, kama alivyofundishwa.

Bunduki ikalia ndani ya rireka.

Walichukua ng'ombe wakaondoka. Hatukutoka mpaka mbwa waliokuwa wamekimbia bunduki waliporudi wakibweka, kwa sababu mbwa ndio walijua kabla yetu kwamba wageni wamekwisha kwenda. Masero alikuwa amelala kwa ubavu karibu na michongoma. Viatu walimvua. Mwango waliuacha, pengine hawakuona una kazi gani. Ndani ya mfuko wa shati lake kulikuwa na kipande cha sabuni kimefungwa kwa jani la mgomba.

Mama yake alimwosha kwa sabuni hiyohiyo.

Polisi walikuja kesho yake na gari lililosukumwa na wanakijiji kwenye kilima cha mwisho. Waliuliza maswali mazuri. Baada ya hapo walikuja wanamgambo, wakaja wakubwa, ukafanyika mkutano, vijana wakajipanga kwa zamu za kulinda. Wezi walirudi vijiji vya jirani, watu wakahama. Waserenda hawakuwa wengi. Waliposambaa hawakuonekana tena kuwa kabila, wakawa tu watu waliotoka bara. Niliwahi kuiona pembe imetundikwa kwenye baa moja Bunda, imening'inizwa vifuniko vya soda. Ilikuwa ngaro. Sikumwambia mwenye baa kitu. Ningeanzia wapi?

Mimi nilikwenda Musoma, kwa kaka yangu, kisha nikapanga chumba Nyasho. Nilikaanga furu, samaki wadogo wa ziwani, na kuuza barabarani. Mama mkwe alinifuata. Watu walishangaa mama mtu mzima anaiacha ardhi yake na kumfuata mke wa marehemu, tena Mjita. Mimi sikushangaa. Tulikuwa tumekaa pamoja ndani ya ule ufa. Usingeweza kumweleza mtu mwingine akaelewa.

Ngaro yangu niliining'iniza ukutani pamoja na kile kitambaa ndani yake. Sikukitoa. Yeye pia hakukitoa. Tulifagia, tukapaka chokaa, tukahama chumba, tukaitoa na kuirudisha, wala hakuna aliyekigusa. Hatukuwahi kuzungumza habari ya siku ile. Wakati mwingine nilimkasirikia ghafla, nikiwa napalia moto au nasugua sufuria, nikawaza kwamba yale hayakuwa maamuzi yake. Kisha Rebeka anaingia kutoka shule, soksi zimeshuka, anauliza kuna nini cha kula, na hasira inakosa pa kukaa. Hilo ndilo lililonitesa zaidi. Sikuwa na mtu wa kumlaumu hata nilipomhitaji.

Miaka ikabadilika. Sabuni zikajaa madukani, za kila rangi, mpaka mtu anasimama anachagua harufu. Mitumba ikaja, vijana wakavaa majaketi ya nchi zenye baridi kwenye joto la ziwa. Redio kaseti zikalia kila kibanda. Siku moja nilisimama mbele ya duka lililopangwa sabuni toka chini hadi juu, nikalia mpaka mwenye duka akanipa kigoda. Alifikiri nimeibiwa.

Katika miaka hiyo mama mkwe alianza kuchoka akili. Kwanza ilikuwa kusahau chumvi. Halafu, asubuhi moja, akiwa ameketi mlangoni, aliinua kidole niache kuosha vyombo.

"Umesikia?"

"Nini, mama?"

"Amefika Makutano."

Nilifikiri anazungumzia gari. Baada ya muda mrefu, pengine mwaka, alisema tena: "Leo amepiga yuko Bweri." Hapo nilielewa, maana Bweri ni karibu zaidi na kwetu kuliko Makutano, na sahani ikaniponyoka. Kwake yeye wimbo ulikuwa bado wazi. Masero hakujibiwa, na asiyejibiwa husogea. Alikuwa anafanya hikira miaka yote hiyo, kutoka kwenye michongoma yetu, akitutafuta tulipohamia.

Bwana mmoja alikuja wakati huo na kinasa sauti. Alikuwa anakusanya muziki wa zamani wa Mara, kijana mpole, alivua viatu mlangoni. Nilimtajia majina yote, irubo, mwango, ngaro, rireka, hikira, naye aliyatamka vizuri. Akaniomba nipige angalau wimbo mmoja, wowote.

"Wa kwetu haupigiki," mama mkwe alimjibu badala yangu. "Uko njiani."

Kijana alinitazama ili nimfafanulie. Nilimkaribisha chai.

Ilikuwa asubuhi, baada ya mvua, mama mkwe aliponiita. Hakuwa anainuka tena wakati huo. Yohana alikuwa amekwenda kazini. Rebeka alikuwa amekuja kutusalimia na wanawe, ambao walikuwa nje wakirushiana matope.

"Yuko mlangoni," mama alisema.

"Nani, mama?"

Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipofungulia mbuzi.

"Watoto wako wapi?"

"Wapo hapa."

"Wote?"

"Wote, mama. Na wa Sabina, yule aliyekuwa kichanga, yupo Bweri, amejenga. Wote wapo."

 Alisikiliza kelele za wajukuu nje, kichwa amekiinamisha.

"Basi mjibu," alisema.

Niliishusha ngaro ukutani. Kitambaa kilikuwa kimekauka humo ndani, na ilinibidi nikitoe kwa kijiti cha kusukia ukili. Kilitoka na maua yake bado yanaonekana, mekundu. Mama alinyoosha mkono, nikampa, akakifumbata.

Nilipuliza. Kikatoka kilio cha hovyo, kikavu, na wajukuu nje wakaangua kicheko.

"Mbuzi," alisema mama mkwe.

Nilijifuta midomo, nikaiweka mahali pake, nikapuliza tena. Hiyo ya pili ilitoka sawasawa. Nililipiga jibu lote, mpaka mwisho, mpaka pale wimbo unapofungwa. Nilikuwa sijausahau.

Mama mkwe alifumba macho. Aliishi siku kadhaa baada ya hapo, akila kidogo, akidai uji uongezwe sukari, na hakutaja tena kwamba anasikia kitu. Tulimzika Musoma, na kile kitambaa mkononi.

Nimejaribu kupima. Upande mmoja namweka Masero, na upande mwingine nawaweka wote tuliotoka kwenye ule ufa tukiwa hai, na watoto waliozaliwa nao, wanaocheza matope na kuicheka pembe ya bibi yao. Kila nikipima, mama mkwe alifanya sawa. Kila nikimaliza, naanza kupima upya. Wanangu hawajui kupuliza irubo, na sina wa kumfundisha, kwa sababu ili kufundisha ngaro lazima awepo mtu wa mwango.

Asubuhi nyingine, jirani zangu wakiwa bado hawajafungulia redio, huwa naacha kufagia na kusimama. Simsikii. Wimbo wetu nimekwisha kuufunga mwenyewe, kwa hiyo hana sababu ya kusogea tena.